Jibu: Vivimbe vya sakoidosisi puani, dawa ya kupaka haijasaidia

Dada wa Ngamiani, umesema mama ana sakoidosisi (ugonjwa ambao kinga ya mwili huleta vivimbe kwenye ngozi na viungo vya ndani), kapaka klobetasoli, dawa kali ya steroidi ya kutuliza uvimbe, mwezi mzima na vivimbe vya puani havijashuka. Sishangai. Vya puani ni vikaidi kuliko vya mikono, na mara nyingi ugonjwa umeshaingia ndani ya pua. Mwulize kama pua inaziba au inatoa magamba yenye damu.

Kwanza, hakikisheni kile kinyama cha ngozi kilichokatwa kwa uchunguzi kilipimwa pia kifua kikuu na ukoma. Kwenye hadubini vinafanana sana na sakoidosisi, na steroidi juu ya kifua kikuu ni balaa.

Klobetasoli asiendelee nayo usoni bila daktari kuona. Ngozi hunywea, mishipa ikajitokeza. Vivimbe vikiwa vichache, daktari wa ngozi huchoma triamsinoloni, steroidi ya sindano, ndani ya kivimbe chenyewe, miligramu 5 hadi 10 kwa mililita, kila wiki 4 hivi. Ikichomwa chini mno, ngozi hubonyea.

Vikiwa vingi ni vidonge: haidroksiklorokwini, isizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na macho yapimwe. Subirini miezi 3 kabla ya kuihukumu. Nyingine ni methotreksati, pamoja na asidi ya foliki na vipimo vya damu na ini. Hii humezwa MARA MOJA KWA WIKI. Andikeni siku kwenye pakiti. Kuimeza kila siku kwa makosa kunaua.

Vidonge vya vitamini D asijinunulie dukani, kalsiamu kwenye damu inaweza kupanda. Picha ya kifua na macho je, vimeshaangaliwa?