Maswali ya Wasomaji: Mbona shaba laini inakula chuma kigumu?

SWALI: Shafti ya chuma inazunguka ndani ya bushi ya shaba, yaani bomba fupi linaloishikilia. Shaba ni laini, ilitakiwa iishe peke yake. Mbona nikifungua naikuta na shafti imelika?

JIBU: Tazama kwanza vinagusana wapi. Hata uso uliong'arishwa ukang'aa kama kioo una vilima vidogo mno, na nyuso mbili hukutana kwenye ncha za vilima hivyo tu. Ncha hubonyea mpaka eneo litoshe kubeba mzigo. Ukitaka kulikadiria eneo hilo, gawanya mzigo kwa ugumu wa kile kilicho laini. Mzigo wa nyutoni 100 juu ya shaba yenye ugumu wa nyutoni 1,000 kwa milimita ya mraba unakupa mgusano wa milimita ya mraba 0.1, hata kama bushi inaonekana kugusa milimita za mraba 100. Sehemu moja katika elfu ndiyo inayobeba kila kitu.

Kwenye ncha hizo, ngozi ya oksidi na utando wa oili vikichanika, atomu za pande mbili hushikana kama zinavyoshikana ndani ya metali yenyewe. Shafti inazidi kuzunguka, kwa hiyo lazima pakatike mahali. Mara nyingi hukatika upande wa shaba, ndiyo maana shafti hupakwa rangi ya shaba. Lakini pale ambapo chuma kina ufa, au kimechoka kwa kuvutwa maelfu ya mara, chuma ndicho kinachoachia.

Mkosaji mkubwa zaidi, hata hivyo, huwa ni uchafu. Mchanga na chembe ngumu za oksidi ya chuma hujikita kwenye shaba laini, bushi ikageuka msasa. Ukiona mikwaruzo myembamba iliyoizunguka shafti, kagua sili na chujio la oili, kisha badilisha bushi. Usiisugue kwa msasa ukidhani unaisafisha: punje za msasa nazo zitabaki humo.

SWALI: Je, uso hulika atomu moja moja, au hubanduka vipande?

JIBU: Yote mawili. Kiungo, yaani pale ncha mbili ziliposhikana, kikiwa kidogo sana hujikunja na kulainika bila kutoa kipande. Kikizidi ukubwa fulani, ambao hutegemea metali yenyewe, hubanduka kizima kama chembe. Kwenye ncha moja ya nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita) mambo ni ya upole zaidi. Mwaka 2013 watafiti nchini Marekani waliburuta ncha ya silikoni juu ya almasi ndani ya hadubini ya elektroni, wakaiona ikipungua bila kuvunjika, kwa namna inayolingana na atomu kung'oka moja baada ya nyingine. Joto huzitikisa atomu muda wote. Shinikizo hupunguza nguvu inayohitajika kung'oa moja, na shinikizo likipanda kidogo tu, kasi ya kulika hupanda kwa kiasi kikubwa.

Mbona basi kwenye mashine, mzigo ukiwa maradufu, ulikaji nao huwa maradufu tu? Kwa sababu kinachoongezeka ni eneo la ncha zinazogusana, si shinikizo la kila ncha. Kanuni ya Archard ya mwaka 1953 inasema hivyo: zidisha mzigo kwa umbali, gawanya kwa ugumu, kisha zidisha kwa kizigeu cha ulikaji, yaani namba inayoonyesha nyuso hizo zinalika kwa urahisi kiasi gani. Chukua bushi yetu, na kizigeu kiwe moja ya milioni: kilometa moja ya kusuguana inaondoa milimita ya ujazo 0.1, yaani kina cha mikroni moja (sehemu moja ya elfu ya milimita). Hiyo ni tabaka moja la atomu kwa kila sentimita 25 hivi, kwa wastani. Oili ikikauka kizigeu hicho kinaweza kupanda mara mia na zaidi, na hesabu yote inabadilika.

SWALI: Kama hakuna jiwe gumu kuliko almasi, hung'arishwa na nini?

JIBU: Na unga wa almasi uliopakwa kwenye sahani ya chuma cha kutupwa inayozunguka kwa kasi. Msuguano huvuruga mpangilio wa atomu za juu, likatokea tabaka la kaboni lisilo na fuwele, ambalo ni laini. Hilo ndilo linalokwanguliwa, na sehemu yake nyingine ikaungua kwa oksijeni ya hewani. Uvurugaji huo hutegemea sana jiwe linasuguliwa kuelekea upande gani. Fundi akilielekeza jiwe upande wake mgumu, almasi haipungui. Sahani ndiyo inayochimbika.