Ukitaka drafti ya ligi ndogo ipite kwenye ligi yenu, anza na yule atakayepoteza

Huu ni msimu wangu wa sita kwenye ligi ya besiboli ya mtandaoni, tunatumia Out of the Park Baseball, mchezo wa kompyuta wa kuendesha klabu, timu ziko 24 na karibu wenzangu wote wako Marekani na Kanada. Mimi niko Dar, kwa hiyo kamishna, yaani msimamizi wa ligi, akiendesha mechi saa nne usiku ya New York, kiangazi, huku kwangu ni saa kumi na moja alfajiri, naamka naswali halafu naangalia matokeo. Naipenda sana hii ligi na ndo maana naandika, maana nimeshapeleka pendekezo la drafti ya ligi ndogo, yaani timu kuchagua kwa zamu wachezaji wa timu za chini za wenzao, mara mbili, la kwanza lilikataliwa kura 17 kwa 5, la pili likapita 15 kwa 8, na wenye timu ni walewale.

Kwa ambao hamjazoea besiboli, kule Marekani kila klabu kati ya zile 30 za ligi kuu ina timu zake za chini, tangu 2021 ni nne, Single-A, High-A, Double-A na Triple-A iliyo juu kabisa, na chini yake tena kuna za wanaoanza kabisa. Mchezo unaiga huo mfumo wote. Sasa shida inakuja pale timu inapokuwa na makinda wengi kuliko nafasi. Kwetu kulikuwa na timu moja ina mashotistopu (walinzi wa kati ya beisi ya pili na ya tatu) wanne wazuri wote wamekwama Triple-A, wa kwanza kashafika miaka 26, na hapohapo kuna timu nyingine shotistopu wake wa ligi kuu anapiga .198 msimu mzima, yaani kwenye kila mara kumi za kupiga hafanikiwi hata mara mbili. Mwenye wanne hauzi kwa sababu anasubiri bei, na kijana anazeeka. Inauma kuangalia.

Besiboli yenyewe ililiona hili zamani. Kuna drafti inaitwa Rule 5, inafanyika Desemba. Mchezaji aliyesajiliwa akiwa na miaka 18 au chini anaweza kuchukuliwa baada ya misimu mitano, wa 19 kwenda juu baada ya minne, kama klabu yake haijamweka kwenye orodha ya watu 40 inaowalinda. Anayemchukua analipa dola 100,000 na lazima amuweke kwenye kikosi cha ligi kuu msimu mzima, asipofanya hivyo anamrudisha kwa nusu ya hela hiyo. Roberto Clemente alipatikana hivyo, klabu ya Dodgers ilimweka Montreal, timu yake ya chini, mwaka 1954 na klabu ya Pirates ikaja kumchukua, jamaa akamaliza na hiti (mipigo ya kufika beisi salama) 3,000 kamili. Johan Santana naye, Desemba 1999 Marlins walimtoa Astros wakampeleka Minnesota, baadaye akabeba tuzo ya mrushaji bora, Cy Young, 2004 na 2006. Ila watu wengi hawajui kwamba ina sehemu ya pili, ya ligi ndogo. Hapo klabu inalinda wengine 38 kwenye orodha ya Triple-A, ambaye hayupo humo na miaka yake imetimia anachukuliwa kwa dola 24,000, harudi, na hakuna sharti la kumweka popote. Hiyo ya pili ndo niliyoitaka.

Mara ya kwanza nilikosea karibu kila kitu. Nilipeleka katikati ya msimu, timu yangu iko mkiani, nikaandika maelezo marefu kuhusu haki na usawa na sikuweka hata namba moja ya wangapi watalindwa. Mtu akisoma anaona huyu anataka kuja kuchukua vya wenzake. Jamaa mmoja mwenye makinda bora kuliko wote akajibu kwamba ametumia misimu mitatu na bajeti kubwa ya maskauti (wasaka vipaji) kuwapata hao vijana, kwa nini mtu ambaye hakutafuta aje aokote? Na alikuwa sahihi kabisa, sikuwa na jibu.

Nilikaa karibu mwaka mzima wa mchezo bila kuligusa. Halafu nikamwandikia yeye peke yake, pembeni, sio mbele ya watu, nikamuuliza swali moja tu: ukiacha wale 40, ukiruhusiwa kulinda wangapi wengine utalala vizuri? Akafikiria siku mbili akasema 30. Nikachukua 30 ile ile nikaiweka kwenye pendekezo, sikupunguza hata mmoja. Kama kuna kitu kimoja uchukue kwenye haya maelezo yangu basi ni hicho, namba itoke kwa yule ambaye sheria itamgusa zaidi. Akishaitaja yeye mwenyewe anakuwa mtu wa kuitetea, na kweli aliitetea kwa wengine kuliko mimi.

Cha pili nilitengeneza jedwali. Nilipitia timu zote 24, jioni kama nne hivi, nikaorodhesha nani angekuwa wazi kama sheria ingeanza mwaka ule ule. Waliobaki nje wengi walikuwa watu wa miaka 24 mpaka 27, hakuna kinda mkubwa hata mmoja, maana wale wa miaka 19 na 20 bado hawajatimiza muda. Na mwanzoni kabisa nikaweka timu yangu, kwamba mimi ningepoteza hawa wawili, majina haya hapa. Ule woga wa kwamba tutaporwa ukapungua sana watu walipoona majina yenyewe.

Mengine: timu moja isipoteze zaidi ya wawili, raundi tatu, anayeanza ni wa mwisho kwenye msimamo, ukitaka kupita unapita, hela ya mchezo inaenda kwa aliyenyang'anywa. Na ianze msimu unaofuata baada ya kura, ili mwenye mzigo mkubwa apate muda wa kubadilishana. Kuna waliotaka sharti la kumrudisha mchezaji, nikakataa na bado nakataa, kamishna ni mtu mmoja ana kazi na familia, huwezi kumpa kuchunguza vikosi 24 kila mechi zikichezwa.

Usisahau wasiotuma orodha. Wapo kila ligi. Amueni kabla ya kura nini kitatokea, sisi asiyetuma analindiwa 30 wenye umri mdogo zaidi, basi, hakuna mjadala. Raundi mpeni kila mtu masaa kadhaa ya kuchagua, msifanye wote mkiwa hewani kwa wakati mmoja, sisi wa mbali tunakuwa tumelala. Na kwenye jedwali la kamishna andikeni namba ya mchezaji pamoja na jina, kwetu mwaka wa kwanza kulikuwa na warushaji wawili wenye jina lile lile, akahamishwa yule asiyehusika, na tulikuja kugundua wiki mbili baadaye akiwa ameshacheza mechi tano kwa timu isiyo yake.

Drafti ya kwanza walihama 19. Yule shotistopu wa miaka 26 alikuwa wa kwanza kuchaguliwa, na Aprili alikuwa anaanza ligi kuu. Mwaka huu orodha zinatakiwa Jumapili, yangu imefika 29, na nafasi ya mwisho nimekwama kati ya mrushaji wa kushoto wa miaka 25 na mdakaji ambaye hapigi chochote ila anarusha beisi ya pili vizuri sana.