Sahani Hizi Si za Biriani, Msizinuse

Jana asubuhi nimemkuta mwanagenzi maabarani kafunua sahani ya kuoteshea bakteria, pua imezama ndani, macho kayafumba kama aliyefunuliwa sufuria ya biriani. Nilipiga ukelele mpaka wagonjwa wa kutoa damu wakachungulia. Baadaye niliona haya, maana pua ile ilikuwa yangu zamani. Basi wanangu, sikilizeni.

1. Fomu ikija imeandikwa "homa" tupu, usiipokee kimya. Piga simu wodini.

2. Kimelea kikikataa sahani ya MacConkey, kikaota kwa kusuasua kwenye sahani ya chokoleti (chakula cha bakteria chenye damu iliyopashwa moto, si ya kula), na kwa rangi ya Gram chini ya darubini ukaona vijidoa vyekundu vilivyofifia, funga sahani uipeleke kwenye kabati la usalama, lile linalozuia hewa yenye vimelea isikufikie. Ushujaa weka nyumbani.

Hii ya pili nimeilipia. Ilikuwa Februari, joto la kaskazi, nina miezi michache kazini. Sampuli: usaha wa kwapani. Fomu: "jipu". Siku ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna kitu. Ya tatu, kwenye chokoleti, vidoti kama vumbi la unga. Nikanusa. Sikusikia harufu, nikanusa tena, safari hii kwa bidii. Nikafanya katalesi, kile kipimo cha povu, juu ya meza wazi, povu likatoka kwa uvivu, nikaandika "Haemophilus", bakteria wa kawaida tu, kwa mwandiko wa harusi, nikaenda zangu kula mahamri na mbaazi.

Mkuu wetu alikuwa mama asiyepaza sauti kamwe. Alisoma daftari, akauliza: "Umezungumza na daktari?" Sikuwa nimezungumza. Akapiga simu mwenyewe. Mgonjwa alikuwa baharia wa Uswidi, kaja kwa ndege kuipanda meli yake Kilindini. Ana kidonda kidoleni, tezi za kwapa zimevimba, na kabla ya safari alikuwa kwao akichuna sungura wa porini. Mama akaweka simu chini, akanitazama. "Umeinusa?"

Wallahi nilitamani kusema uongo.

Mama alishuku tularemia. Mnaisoma kwa ajili ya mtihani mnaisahau, kwa kuwa ni ugonjwa wa kaskazini mwa dunia: sungura, panya, kupe na inzi wa huko. Jina limetoka Tulare, California, ambako mwaka 1911 ulionekana kwa kindi wa ardhini. Mtu hamwambukizi mwenzake, lakini ukivuta bakteria kumi tu kwa pumzi, wanatosha kukulaza. Edward Francis, mtafiti wa Marekani aliyeupa jina, uligeuka ukampata mwenyewe.

Nikapewa dawa ya kinga, doksisaiklini, siku 14 na kipimajoto, asubuhi na jioni. Sasa niambieni, Majengo, chini ya mabati, mwezi wa Februari, nani hana homa? Siku ya sita kilisoma 37.6, nikamrithisha mdogo wangu baiskeli. Bi mkubwa alisema nimepigwa jicho, akanifukiza ubani mpaka nikakohoa, na kikohozi kile kikanitia hofu mpya. Sikumwambia kitu. Angeniuliza sungura nimemtoa wapi.

Maabara ya rufaa ikathibitisha: ndiyo yenyewe. Baharia alipona kwa jentamaisini, akaenda zake. Mimi sikuugua, ila baiskeli sikurudishiwa. Haemophilus yangu ilikatwa kwa wino mwekundu na ukurasa ukabandikwa juu ya sinki, nikawa nauona kila ninaponawa.

3. Glavu zibadilishe.

4. Simu yako haina kazi juu ya meza ya vimelea. Utaiweka sikioni baadaye.

5. Unaposhuku kitu, andika kwa herufi kubwa kwenye sampuli unayoituma mbele. Mwenzako wa huko naye ana mapafu.

Huyo wa jana alijitetea, ati ni bakteria wa Pseudomonas, na kweli inanukia zabibu kama walivyofundishwa. Nikamwambia umepatia kabisa, na kwa kupatia huko utaosha chupa zote mpaka Idi.