Seng'enge na Mbwa wa Kazi: Maswali ya Wafugaji na Walinzi

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinahusu mbwa walioumizwa na seng'enge, nami nimeona ni haki kuzipa nafasi yote. Mbwa anayechunga mifugo, anayelinda zizi usiku au anayefuata nyayo za majangili hufanya kazi ambayo wengi wetu tusingeiweza, na bado jeraha lake mara nyingi huachwa lipone lenyewe.

Swali: Daktari, mbwa wangu wa malishoni alipenya chini ya seng'enge usiku akimfukuza fisi. Ana kitundu kidogo tu kwapani na hakitoi damu tena, lakini leo ngozi ya ubavuni imevimba, na nikiibonyeza inatatarika. Je, ningoje? (Mfugaji, Kajiado)

Jibu: Usingoje, mzee wangu. Unachokisikia kikitatarika ni hewa iliyoingia chini ya ngozi, na hewa hiyo ina njia mbili za kufika hapo. Ya kwanza, ambayo ndiyo ya kawaida, ni kwamba kila mbwa anapotupa mguu mbele kwapa hufunguka na kujifunga kama mivuo ya mhunzi, likavuta hewa kupitia kitundu na kuisukuma ndani zaidi. Ya pili ni ya hatari kubwa, nayo ni kwamba mwiba umetoboa ukuta wa kifua. Mtazame anavyopumua akiwa ametulia kivulini. Ikiwa anahema haraka kwa tumbo, anakataa kulala ubavu, anakaa akiwa ametanua viwiko, au fizi zake zimekuwa nyeupe au za bluu, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, huku kitundu kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa safi kilichopakwa mafuta ya mgando. Ukiona kupumua kunazidi kuwa kugumu baada ya kukifunika, kiachie wazi mara moja.

Hata kama anapumua vizuri, bado jeraha hilo linahitaji daktari leo. Ngozi ya mbwa haikushikamana sana na nyama, hivyo mwiba ukiingia naye akiendelea kukimbia, ngozi hubanduka kutoka kwenye nyama kwa upana wa kiganja au zaidi, kisha hurudi mahali pake na kuacha nje tundu ambalo mtu angelidharau. Ndani yake hubaki mfuko wenye nywele, udongo na damu iliyoganda, na huko ndiko usaha huanzia. Daktari atampa dawa ya usingizi, atanyoa, ataufungua mfuko huo na kuuosha kwa maji mengi, ataondoa nyama iliyokufa, na pengine ataacha mrija mdogo wa kutolea majimaji kwa siku chache. Majeraha yanayofika ndani ya saa 6 hadi 8 za kwanza mara nyingi hushonwa siku ile ile. La mbwa wako limepita muda huo, kwa hiyo usishangae ukiambiwa liachwe wazi kwanza na kushonwa baadaye. Nyumbani, litazame kila siku asubuhi na jioni, kwa sababu katika joto letu nzi hutaga kwenye jeraha na mayai huweza kuanguliwa katika muda wa siku moja. Ukiona funza, au ukisikia harufu mbaya, mrudishe.

Swali: Nilimkuta mbwa wetu amenasa kwa paja kwenye waya wa jirani, analia na kutaka kuniuma. Niliogopa nikamvuta kwa nguvu. Je, ilikuwa sahihi? (Kijana mchungaji, Simanjiro)

Jibu: Uoga wako unaeleweka, kijana wangu, lakini kumvuta ndiko kunakogeuza tundu kuwa mpasuko, maana miiba ya seng'enge imeelekea kila upande na hakuna namna ya kuivuta isikate. Wakati mwingine anza na kichwa: mtupie shuka kichwani ili asione, kwani mbwa mwenye maumivu humuuma hata aliyemlea. Kama hatapiki na anapumua vizuri, mfunge mdomo kwa utepe wa kitambaa, uuzungushe chini ya kidevu na kuufunga nyuma ya masikio. Kisha mtu wa pili amnyanyue kiwiliwili ili uzito wake usining'inie kwenye waya, nawe ukate waya kwa plaisi pande zote mbili za mahali aliponasa. Waya uliokazwa huruka unapokatwa, kwa hiyo simama pembeni, mwenzako aushike kwa kitambaa kinene, na mlinde macho yenu. Kipande kilichozama ndani sana kiache humo humo hadi kwa daktari, kwa sababu huenda ndicho kinachoziba mshipa wa damu.

Damu ikitoka kwa wingi, gandamiza kitambaa safi kwa dakika 5 kamili bila kuchungulia. Kikilowa, ongeza kingine juu yake. Usifunge kamba juu ya jeraha. Damu ikishakata, mwagia jeraha maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila nusu lita, na usiyafanyie uchoyo, kwani ni wingi wa maji unaotoa uchafu. Waya wa jirani mwambie, na mkaushughulikie pamoja.

Swali: Je, oili chafu au majivu yanafaa kukausha kidonda? Na naweza kumpa diklofenaki ya binadamu? (Mama mfugaji, Njombe)

Jibu: Hapana kwa yote, mama. Oili chafu na mafuta ya taa huunguza nyama iliyo hai na mbwa huyalamba, majivu hugeuka tope ndani ya jeraha, na diklofenaki au ibuprofeni huweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo. Paracetamoli nayo usimpe kwa kukisia. Dawa ya maumivu ya mbwa ipo, na hupimwa kwa uzito wake.

Swali: Mimi ni msimamizi wa ranchi. Mwajiri wangu hawezi kuondoa seng'enge yote. Tufanye nini ili mbwa wasizidi kuumia? (Laikipia)

Jibu: Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa linakwenda kwenye chanzo. Joseph Glidden, mkulima wa DeKalb katika jimbo la Illinois, alipopewa hataza ya seng'enge yake mwaka 1874, tatizo lililokuwepo lilikuwa ng'ombe wa uwanda mpana: ng'ombe huja polepole, huegemea waya, huchomwa, hurudi nyuma na hujifunza. Mbwa wa kazi hana nafasi ya kujifunza hivyo. Macho yake yako kwa mbuzi aliyetoroka au kwa fisi, anakuja kwa kasi, na anaufikia waya kabla hajautambua. Kwa undani wa vitu vyembamba macho ya mbwa ni dhaifu kuliko yetu. Inakadiriwa kwamba kitu ambacho mtu hukiona kwa umbali wa mita 23, yeye hukiona akiwa mita 6 tu.

Kwa hiyo anza na waya wa chini kabisa, ambao ndio unaochana migongo na mapaja ya wanaopenya. Ubadilishe uwe waya laini usio na miiba, uwekwe kama sentimita 40 kutoka ardhini, na ng'ombe hawatapita hapo. Kama mnafuga kondoo au mbuzi, urefu huo hautafaa. Hapo wavu wa chuma ni bora, na wafugaji wa Simanjiro wametumia wavu huo kwa kuufunga kwenye nguzo za miti hai ya Commiphora kuzunguka maboma, jambo linalozuia simba bila kutumia mwiba hata mmoja wa chuma.

Jambo la pili ni ukazaji. Ningeombwa nitaje adui mmoja tu wa mbwa wa ranchi ningetaja waya uliolegea, kwa sababu waya uliokazwa humrudisha mbwa au humkwangua, bali uliolegea humzingira mguu na kila anapojitahidi unambana zaidi. Mchwa wakila nguzo moja tu, nyaya za pande zote mbili hulala ndani ya nyasi, na baada ya mvua hakuna anayeziona tena. Tembeeni kando ya ua wote kabla nyasi hazijakua, mkusanye vipande na mizingo ya zamani, mvizike shimoni au kuviuza kama chuma chakavu.

Tatu, ufanyeni ua uonekane. Fungeni mafito yaliyopakwa rangi nyeupe kati ya nguzo, hasa kwenye pembe na kwenye njia ambazo mbwa wamezizoea. Rangi nyekundu haifai, kwani mbwa hutambua bluu na njano lakini nyekundu kwenye majani mabichi humpotea. Msitumie vipande vya plastiki, ng'ombe huvimeza. Na kwa hali yoyote ile msiunganishe umeme kwenye seng'enge, maana mnyama aliyenaswa na miiba hawezi kuondoka kwenye waya unaompiga.

Swali: Naongoza mbwa wa kunusa nyayo kwa kamba ndefu. Tunavuka nyua nyingi kwa usiku mmoja. (Askari wa wanyamapori)

Jibu: Mbwa akiwa kwenye harufu hasimami kwa ajili ya waya, kwa hiyo ni wewe unayepaswa kusimama kwa niaba yake. Mita chache kabla ya ua kusanya kamba mkononi, mwamuru aketi, tafuta kwanza geti au pengo, na kama halipo, mwenzako akanyage waya mmoja na kuinua wa juu yake, miiba ikiwa imefunikwa kwa koti zito, ndipo mbwa apite akiwa ameshikwa kwa mkanda wa kifuani. Kamba ipite baada yake, isipitishwe kwenye waya mwingine. Ukishavuka, mpapase kwapani, kinenani na kati ya vidole kwa mikono mitupu, kwa sababu manyoya huficha na mbwa mwenye ari haonyeshi maumivu. Fulana za kukinga kifua husaidia, lakini mchana wa jua kali humzidishia joto, zitumie usiku.

Swali: Seng'enge ilikuwa na kutu, na mimi pia nilikwaruzwa nikimwokoa mbwa. Nani achomwe sindano ya pepopunda? (Kibaha)

Jibu: Wewe kwanza. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, wala havitoki kwenye kutu yenyewe, na binadamu huathirika kwa urahisi kuliko mbwa. Nenda kituo cha afya, hasa kama chanjo yako ya mwisho imepita miaka 5. Kama mbwa alikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uwaeleze wahudumu, ili wapime pia haja ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa mwenyewe mtazame kwa wiki tatu: masikio yakivutana kuelekea katikati, paji likikunjamana na mkia ukakakamaa, hiyo ni pepopunda na haingoji kesho.

Swali: Mbwa wangu alikatwa nyuma ya mguu wa mbele, kidonda kimefunga. Lini arudi kazini? (Narok)

Jibu: Msimamishe kwenye sakafu ngumu na ukodolee macho vidole vyake. Kama ncha ya kidole kimoja imeinuka na ukucha haugusi chini, kano imekatika, na ngozi iliyofunga juu yake haijaiunganisha. Daktari aishone mapema iwezekanavyo, kisha mguu ufungwe na mbwa apumzishwe kwa wiki 6 au zaidi kabla ya kurudishwa kidogo kidogo. Kama vidole vyote vimekanyaga sawa na hachechemei, nyuzi za ngozi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na wiki inayofuata anaweza kuanza kutembea na mifugo kwa kamba, bila kukimbizwa.