Helikopta ilinyanyuka ikashuka tena, mbovu?

SWALI: Mhariri shikamoo, juzi uwanja wa ndege hapa Tanga helikopta ilinyanyuka kama mita moja ikatulia, ikashuka, wakapunguza mabegi ndo ikaondoka. Ilikuwa mbovu? – Msomaji, Chumbageni

JIBU: Marahaba. Hapana, rubani alikuwa anapima nguvu. Akitulia pale chini anacheki geji ya injini, imebaki nafasi kiasi gani kabla ya mstari mwekundu, yaani mwisho wa nguvu inayoruhusiwa, maana karibu na ardhi upepo wa mapanga unaibeba, ikipanda juu msaada ule unaisha. Halafu joto letu la mchana linafanya hewa iwe nyepesi, mapanga yanabeba uzito mdogo, na kama anaenda Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi zaidi, so lazima apige hesabu ya uzito wa kule anakotua pia. Kushusha mabegi alifanya vizuri sana, rubani wa hivyo mimi napanda naye.