Jinsi ninavyoipima hotuba ya ufunguzi ya utetezi

Ninapokaa kiti cha jaji kwenye kesi ya kuigiza, yaani mashindano ambayo timu hucheza mawakili na mashahidi nami nazipa alama, wakili wa utetezi huinuka nikiwa nimeshagawa karatasi yangu sehemu mbili. Kushoto naandika kila anachoahidi: shahidi fulani atasema hivi, kielelezo fulani kitaonyesha vile. Kulia panabaki wazi mpaka mashahidi wapite kizimbani. Hotuba ya ufunguzi si ushahidi, na kwa kuwa mashahidi wa kesi hizi wamefungwa na maelezo yao ya maandishi, ukisoma jalada vizuri unajua mapema ahadi ipi haitatimia. Hapo kata alama bila huruma, hata kama sauti ilikuwa tamu.

Ninachokitafuta kwanza ni mstari mmoja wa utetezi. Wakili akisema mshtakiwa hakuwepo eneo la tukio, halafu akadokeza kwamba alikuwa anajihami, ameshaua kesi yake mwenyewe. Achague moja. Kama mteja kweli alirusha ngumi, bora akiri mapema kisha atuonyeshe kwa nini alilazimika. Jaji humwamini zaidi anayetaja ubaya wa kesi yake kabla haujatajwa na mwingine.

Kuna sentensi inayonichosha: "Upande wa mashtaka ndio wenye jukumu la kuthibitisha pasipo kuacha shaka." Ni kweli kabisa, lakini ikisimama peke yake ni kichaka cha kujifichia. Shaka iko wapi? Kwenye mwanga hafifu? Kwenye saa zisizolingana? Anitajie mahali.

Tofautisha pia maelezo na hoja. "Shahidi huyu ni mwongo" ni maneno ya majumuisho, ile hotuba ya mwisho, na pale kanuni zinaporuhusu, mpinzani aliye macho ataweka pingamizi. "Mtasikia kwamba alitazama kwa mbali, usiku, taa ikiwa imezimwa" inafanya kazi ileile bila kuvunja utaratibu.

Halafu sikiliza kama amewasikia waliomtangulia. Wengi hukariri hotuba neno kwa neno, mashtaka yanasema jambo jipya, wao wanapita tu. Anayebadilisha hata sentensi mbili kujibu alichokisikia dakika chache zilizopita, huyo mpe alama zake.

Zipo kanuni zinazoruhusu utetezi kuahirisha ufunguzi hadi mashtaka yafunge ushahidi wao. Timu ikichagua njia hiyo, kigezo kinapanda: wameshayasikia majibu ya maswali ya dodoso, yale waliyowauliza mashahidi wa mashtaka, kwa hiyo hotuba isiyoyagusa haina kisingizio.