Sherehe ya sikukuu ya taifa mtaani Mombasa: barua ya polisi ni rahisi, kazi iko kwa spika

Mwenzetu wa Tudor ameuliza: vijana wa mtaa wao wanataka kufunga njia ya ndani siku ya Jamhuri, wapike pilau, wapige muziki na watoto wacheze. Je, kibali ni cha nani, na waanzie wapi? Mmoja amemjibu aende kwa chifu, basi. Mwingine akasema siku ya taifa ni ya kila mwananchi, kibali cha nini? Mimi nimekuwa katibu wa kamati ya mtaa wetu kwa sherehe tatu, na moja ilituharibikia mikononi mwangu mwenyewe, kwa hivyo nitajibu kwa urefu.

Kwa chifu nendeni, na mzee wa mtaa ajue, maana ukimruka mzee wa mtaa hata viti vya kukodi vitapotea njiani. Lakini chifu hatoshi.

Polisi ndio watu huwaogopa, na ndio rahisi kuliko wote. Kwa Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, humwombi ruhusa. Unampa taarifa. Barua ifike kituoni siku zisizopungua 3 kabla ya shughuli na zisizozidi 14, iwe na jina la mwandalizi na anapokaa, tarehe, saa na mahali. Akija mtu akawaambia "hamjapewa kibali", mwonyesheni nakala yenye mhuri, kwa adabu. Kituoni kuna daftari la taarifa hizi, na mwananchi anaruhusiwa kulitazama saa za kazi. Litazameni, maana aliyetangulia kuandikisha uwanja ule ule kwa saa ile ile ndiye mwenye nao.

Wapo watakaowaambia ngoma na pilau si mkutano wa hadhara, kwa hivyo barua haina haja. Sibishani nao. Ila mimi sijaona sikukuu ya taifa mtaani ambayo mwanasiasa hakutokea kuomba maikrofoni "dakika mbili tu", na akishaishika, kaelezeni nyinyi kwamba ilikuwa pilau. Andikeni barua.

Sasa ile yangu iliyoharibika. Mwaka 2024 Mashujaa iliangukia Jumapili. Sherehe ya taifa ilikuwa Kwale, na watu wengi wa mtaa wetu walitaka kuvuka Likoni waende wakaione. Tukaamua ya mtaa iwe Jumatatu tarehe 21, kwa kuwa Sheria ya Sikukuu, Sura ya 110, inasema sikukuu ya namna hii ikiangukia Jumapili, siku inayofuata ndiyo ya mapumziko. Hesabu safi kabisa. Barua nikaandika mimi. Lakini kichwani mwangu Mashujaa ni 20 Oktoba, na mkono ukaandika 20. Tukaisoma watu wanne, wote tukaipitisha.

Jumatatu saa tano asubuhi sufuria liko motoni, watoto wako kwenye mbio za magunia, gari la polisi likasimama. Askari akaichukua nakala yangu, akaifuata kwa kidole mstari kwa mstari, akanirudishia. "Mzee, sherehe yenu ilikuwa jana."

Ningejibu nini? Hakutukamata wala hakutaka kitu. Alisema pilau tule, spika zizimwe. Fundi wa muziki alikunja nyaya zake na pesa zake akachukua zote, na sikumlaumu. Akina mama ndio walioiokoa siku: waligeuza masinia wakayapiga kwa viganja, wakaimba vugo mpaka adhuhuri.

Tuje kwa spika. Kelele na burudani za hadhara ni kazi ya kaunti kwa Katiba, Jedwali la Nne, kwa hivyo mhuri wa OCS hauwapi ruhusa ya kupiga muziki. Watu wengi hukwama hapa. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaweka kiwango cha nje katika makazi kuwa desibeli 50 mchana na 35 usiku. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili yanafika kama 60. Maana yake hata spika moja ya harusi imeshavuka mpaka kabla MC hajasema salamu, na bila karatasi ya kaunti jirani mmoja mwenye hasira anatosha kuwazimia. Huyo jirani mtembeleeni kabla, na sahani yake ya pilau itangulie. Msikiti ukiwa karibu, kubalianeni na wahusika ni saa ngapi mtazima kwa sala, na mzime bila kukumbushwa.

Saa nazo zinachanganya. Kwa kelele, usiku unaanza saa mbili. Kwa Sura ya 56, mkutano wa hadhara ni kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Watu hushika ile saa mbili ya usiku wakadhani ni yao yote. Sisi tunaandika kumi na moja na nusu, ile nusu saa tunakusanya viti.

Kufunga njia pia ni kaunti. Hata wakikubali, acheni upenyo wa gari la wagonjwa na la zimamoto. Msiweke hema katikati kwa vigingi. Wekeni upande, la kunyanyuliwa na watu wanne. Wauza viazi karai na mishikaki waje na vyeti vyao vya afya. Fataki sahauni, hizo kisheria ni baruti na zina idara yake.

Bendera: pambeni mtaa mpendavyo, isiburute chini wala kufanywa kitambaa cha meza. Lakini kwenye gari, Sura ya 99, sheria ya bendera ya taifa, inawaruhusu wakubwa wachache tu wa serikali kuipeperusha. Mwaka mmoja vijana wetu wa bodaboda walikuwa wamezifunga kwenye vioo vyote, tukazifungua moja moja kabla ya msafara kutoka. Wengine walinuna hadi jioni.

Kwa nyinyi wa Tudor, Jamhuri ni 12 Desemba, kwa hivyo barua ya OCS ipelekeni kati ya 28 Novemba na 9 Desemba. Ya kaunti anzeni mapema zaidi ya hapo, ofisi zao hazina haraka. Mkishaiandika, iwekeni hapa niitazame tarehe.